Jogoo wa Ngoto

Kwa aliyechelewa kufika: juma lililopita tulimwacha Mwanvita uani kwake Kihonda, mwiko mkononi, akiwapakulia wenzake wa sokoni pilau ya kumaliza eda. Kabla sahani ya mwisho haijajaa, mlango wa uani ukasukumwa, akaingia mtalaka wake, Mansuri, fundi mageti.

"Kuleni, jamani, kuleni," alisema, na tabasamu lile analowatolea wateja. "Hiyo ni pilau ya kunipokea mimi. Huyu ni mke wangu. Nilimrejea usiku wa Maulidi, eda ikiwa haijaisha. Shahidi ninaye."

Matonge yakabaki hewani. Wengine, siwafichi, waliyamalizia kwanza ndipo wakashangaa.

Asiyejua na ajue. Mume akitoa talaka moja, dini inampa nafasi ya kumrejea mkewe maadamu eda haijaisha. Haombi ruhusa kwa mwanamke wala hatoi mahari mapya. Anatamka tu, na watu wasikie. Eda ikiisha hajatamka, basi, mlango umefungwa, na akimtaka tena akapeleke posa kama kijana yeyote.

Mwanvita alijua kwamba mtu huyu anasema uongo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuthibitisha ni kitu kingine.

Na kilichomkereketa ni kwamba walikuwa wameachana vizuri! Hapakuwa na wakili wala kesi. Waliketi mbele ya Shehe Abdulmajid wakakubaliana, kisha wakaenda kwa afisa ustawi wa jamii wakakubaliana tena: watoto wao wawili, Hidaya na Sufiani, wakae na mama yao Kihonda, baba awachukue kila Jumamosi, na ada ya shule iwe juu yake. Afisa ustawi aliwasifu mpaka wakaona haya. Alisema laiti wanandoa wote wangekuwa hivi, yeye angekuwa anarudi nyumbani mapema. Kilichobaki ni eda kuisha, shehe kuthibitisha, na mahakama ya mwanzo kugonga muhuri.

Sasa tazama. Siku ya pilau ile ilikuwa Jumamosi, na Mansuri alikuwa amewachukua watoto asubuhi kama kawaida. Hakuwarudisha. Aliwapeleka Turiani kwa mama yake, Bi. Mwanahawa, mkunga wa jadi ambaye ndiye aliyewapokea wote wawili kwa mikono yake walipozaliwa.

"Mke wangu akikubali kwamba ni mke wangu, watoto watarudi," alisema akitoka. "Akikataa, watakulia hukohuko."

Hapo ndipo tulipoachia. Haya, tuendelee.

* * *

Mwanvita hakwenda polisi. Hakwenda hata kwa shehe. Mluguru akiumizwa huenda kwa mjomba wake, kwa sababu kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Akakodi bodaboda asubuhi, Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, akapandishwa mpaka Kinole, kule kwenye migomba na mikarafuu.

Alimkuta Mjomba Yunusi akigeuza pilipili manga juani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako? Wajukuu zangu umewaacha na nani?"

Swali hilo lilitosha. Mwanvita akakaa chini palepale kwenye ukingo wa mkeka, akalia, na katikati ya kilio akasimulia yote. Mzee alimsikiliza huku mkono ukiendelea kugeuza pilipili. Mkono ulisimama mahali pamoja tu.

"Kasema alikurejea lini?"

"Usiku wa Maulidi."

"Ana hakika?"

"Kasema mbele ya watu, mjomba. Na shahidi anaye, yule Shomari wa gereji."

Mjomba Yunusi akajipangusa mikono, akainuka, akapotelea nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na jogoo mweupe kwapani, mkubwa, mwenye upanga mwekundu na dharau nyingi machoni.

"Unamjua huyu?"

"Nitamjulia wapi jogoo, mjomba? Mimi nalilia watoto!"

"Huyu ni ngoto."

Mwanvita akaacha kulia.

Ngoto si kitu kikubwa. Ni jogoo na mchele kidogo, na wazee wa zamani waliongeza na pombe. Mtu asiye wa ukoo akitaka kulima ardhi ya ukoo, huipeleka kwa mkubwa wao, kukiri kwamba yeye ni mgeni na ardhi ina wenyewe. Mkwe hatoi ngoto. Mkwe analima kwa mgongo wa mkewe, kama Mansuri alivyokuwa akilima hapo Kinole, ambako aliotesha pilipili manga na mikarafuu akajisahau akadhani ni kwao.

"Ulipoachika nilimtumia salamu," mjomba alisema. "Nikamwambia shamba linarudi kwa wenyewe. Siku mbili tatu, huyo! Kaja na jogoo huyu na mchele kwenye mfuko. Kapiga magoti hapo ulipokaa. Akasema, mzee wangu, mwanenu nimemwacha, ukwe umekwisha, nipokeeni kama mgeni niendelee na shamba. Walikuwapo wazee wanne wa ukoo."

"Lini, mjomba? Lini?"

"Maulidi ilikuwa imepita kama juma moja. Mikeka ya msikiti nilikuwa nimeshairudisha."

"Mkamjibu nini?"

"Tukamwambia tutafikiri. Jogoo nikamfunga, sikumchinja, maana ngoto isiyokubaliwa hailiwi. Ijumaa iliyopita nikamjibu kwamba ukoo umekataa, aje achukue jogoo wake. Hakuja."

"Ijumaa kaambiwa shamba hapati," Mwanvita alisema polepole. "Jumamosi akakumbuka ana mke."

Wakatazamana. Kisha Mwanvita akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na jogoo naye akashtuka kwapani mwa mzee. Mtu hawezi kuwa mkwe usiku wa Maulidi, kisha juma linalofuata apige magoti kuomba kuwa mgeni. Mansuri alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe.

"Basi limekwisha," alisema mjomba. "Mpigie shehe. Mimi nitamweleza, yeye atamwita Mansuri kimyakimya, na kabla ya adhuhuri watoto wako watakuwa njiani. Hakuna gharama, hakuna maneno."

Maneno ya mtu mzima hayo, na yalikuwa ya bure. Laiti hadithi ingeishia hapo, lakini Mwanvita hakuishika simu. Alitoa kwenye pindo la kanga kipande cha udongo, ule wa kuuzwa sokoni, akakitafuna.

"Kimyakimya, sitaki," akasema.

"Mwanangu."

"Alikuja kunivunjia pilau mbele ya watu! Wanangu kawachukua kwa hila. Leo nimfunikie kombe? Nataka aumbuke, mjomba. Hapahapa Kinole, mbele ya ukoo mzima, na mama yake akiwepo, na wale wanawake wa sokoni wote wakiwepo. Nataka akiteremka mlima huu, hata mbwa wasimbwekee."

"Mlisema mtaachana kwa wema."

"Nilisema mimi. Yeye alikuwa anasema nini?"

Mjomba Yunusi akamtazama anavyotafuna.

"Na huo udongo umeanza lini?"

"Kiungulia tu, mjomba. Tangu talaka moyo unanichoma."

"Hasira ni mbaya kwa tumbo," alisema mzee, akarudi kwenye pilipili yake.

* * *

Wapo wenye hasira ya kupiga kelele. Hasira ya Mwanvita ilikuwa ya kupika. Alishika simu, akakohoa kidogo kuisafisha sauti, akapiga.

"Shikamoo, Baba Hidaya."

Tangu waachane hakuwahi kumwamkia. Upande wa pili sauti ikanona.

"Marahaba, mke wangu. Naona umetulia."

"Nimeshindwa, baba. Nitapigana na wewe mpaka lini? Ila kwetu mke harudi gizagiza. Njoo Kinole Jumapili unichukue mbele ya wazee. Njoo na watoto, na mama naye aje. Na lile shamba, mjomba anasema tutaliongea vizuri."

Aliposikia shamba, Mansuri akakubali kabla sentensi haijaisha. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema waliosema, na Mansuri alikwenda kushonesha kanzu mpya.

Jumapili ikafika. Wanawake wa sokoni Mwanvita aliwakodia Noah, wakaja na vigelegele vyao vimefungwa akibani. Ukoo uliijaza baraza ya Mjomba Yunusi, mikeka kwa wanawake, viti vya plastiki kwa wazee. Shehe Abdulmajid aliketi katikati. Mwanvita alikuwa amepika pilau tena, sufuria kubwa kuliko ile ya kwanza, akaiweka pembeni imefunikwa. Alisema italiwa baada ya maneno.

Mansuri alishuka kwenye gari la kukodi akimeta. Nyuma yake Shomari, shahidi, na kofia iliyombana. Halafu Bi. Mwanahawa, mama mtu mzima wa Turiani, akiwashika wajukuu mikono.

Sufiani hakungoja salamu. Aliponyoka mkononi mwa bibi yake, akakimbia, akajitupa mapajani kwa mama yake. Mwanvita alimnusa kichwa na macho yakamwiva.

Lakini Hidaya, mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, hakukimbia. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, akatafuta kigoda, akakiweka katikati ya uwanja. Hakukaa kwa mama, hakukaa kwa baba.

"Mama," aliuliza, "leo tunaondoka na nani?"

"Na mimi."

"Baba kasema na yeye."

"Subiri, utaona," alisema Mwanvita, na sauti yake ilikuwa na utamu ambao mtoto hakuuelewa.

* * *

Shehe Abdulmajid akafungua kwa fatiha, akamwambia Mansuri aseme alilonalo.

Mansuri akasimama, akaikung'uta kanzu. Alisema binadamu hukosea. Alisema alitoa talaka kwa hasira, lakini usiku wa Maulidi, kasida zikisomwa, moyo wake ulilainika, akamgeukia Shomari akasema, wewe shuhudia, mke wangu nimemrejea. Hakumwambia Mwanvita mapema kwa sababu alitaka kumfanyia jambo la kumshtukiza.

"Nilishtuka," Mwanvita alisema, na wanawake wa sokoni wakaguna.

"Shomari," shehe akauliza, "ulisikia?"

"Nilisikia, shehe." Shomari alikuwa akiitazama ile sufuria ya pilau.

"Usiku wa Maulidi?"

"Huohuo."

Shehe akamgeukia Mwanvita. Mwanvita akamgeukia mjomba wake. Mjomba Yunusi akaingia ndani akatoka na jogoo mweupe kwapani, akamweka chini katikati ya baraza, mguu umefungwa kamba.

Kanzu ya Mansuri ilibaki nyeupe. Uso ndio uliobadilika.

"Mansuri mwanangu," alisema mjomba kwa upole, "waambie wenzako huyu kaja kufanya nini hapa kwangu."

"Huyo... ni zawadi tu, mzee. Nilikuletea zawadi. Kabla ya Maulidi."

"Ni ngoto," mjomba akawaambia watu. "Aliileta baada ya Maulidi. Alisema ukwe umekwisha, apokewe kama mgeni. Wazee hawa walimsikia."

Wazee wakatikisa vichwa kuitikia. Mansuri akapata pa kushika.

"Wazee ni wako, mzee wangu! Wote ukoo mmoja. Watasema nini isipokuwa unalosema wewe? Nasema nilimleta kabla. Nani hapa atanikanusha asiye wa ukoo wenu?"

Lilikuwa swali zuri, tukubali. Ndipo kikohozi kikasikika kutoka mkekani.

"Huyo jogoo mleteni hapa," alisema Bi. Mwanahawa.

Mjomba akamsogezea. Mama yule akamkamata jogoo kwa mikono iliyozoea, akamgeuza, akamtazama mguu wa kushoto. Kidole kimoja hakikuwapo.

"Jogoo wangu!"

"Mama," Mansuri alisema haraka.

"Ninyamaze? Kidole hiki kilikatwa na mlango wa banda, mimi mwenyewe nikakitia majivu! Nimemlilia jogoo huyu. Nimemlaani kicheche bure, kiumbe wa Mungu asiye na hatia!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa sokoni kikazunguka baraza nzima. Hata shehe alijifuta mdomo kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Alipotea lini, Bi. Mwanahawa?"

"Baada ya Maulidi, shehe. Siku ya Maulidi nilichinja wenzake wawili, huyu nikamwacha kwa mbegu. Juma lililofuata Mansuri alikuja kunijulia hali. Akalala, akaondoka alfajiri, na asubuhi ile jogoo hakuwika."

Sasa vigelegele vikatoka akibani. Shomari akaivua ile kofia.

"Mimi jamani naomba niseme ukweli," alisema. "Usiku wa Maulidi nilikuwa Ngerengere kwa shemeji yangu. Huyu bwana kaniambia njoo useme maneno mawili, kuna pilau."

Mansuri alikaa. Hakuna aliyemwambia akae, miguu yenyewe iliamua. Alitazama chini, akaanza kupangusa vumbi ambalo halikuwapo kwenye pindo la kanzu.

"Usiku wa Maulidi ulisema umemrejea," shehe akamwambia. "Juma lililofuata ukasema umemwacha. Lipi la kweli?"

"La pili," Mansuri akajibu, sauti haifiki mbali.

Shehe Abdulmajid akanyoosha mgongo.

"Basi rejea haikuwapo. Na mwenye eda kasema eda yake imekwisha. Watoto wanakaa na mama yao kama mlivyopatana kwa afisa ustawi, baba atawaona Jumamosi, ada ni juu yake. Kesho nitawaandikia, mwende mahakamani mkagongewe muhuri. Mmeanza kwa wema, malizeni kwa wema. Tuombe dua."

Mikono yote ikainuka. Hidaya alinyanyuka kwenye kigoda chake, akasogea kwa mama yake, akakaa ubavuni mwake. Alikuwa ameshika kidole cha Sufiani.

Hapo, msomaji wangu, mimi ningeitikia amin. Ningewashika wanangu mikono nikateremka mlima.

* * *

Lakini Mwanvita alikuwa anamtazama Mansuri. Alitaka kumwona analia, na Mansuri halii. Ameinua mikono ya dua kama watu wengine. Kesho atakuwa gerejini, keshokutwa watu watasahau. Jogoo peke yake hakumtosha.

"Bado, shehe," akasema.

Mikono ikabaki hewani.

"Bado nini, mwanangu?"

"Nataka kuombwa radhi. Si na huyu, huyu msamaha wake hauna thamani. Nataka mama yake asimame aniombe radhi mbele ya ukoo wangu. Ndiye aliyemzaa mwizi wa kuku. Na ndiye aliyewafungia wanangu Turiani."

Wanawake wa sokoni, ambao hawanyamazi hata adhana ikisikika, walinyamaza.

"Mama," Hidaya alisema chini chini, "bibi hakutufungia. Kila siku alikuwa anatuambia tutarudi kwako."

"Nyamaza wewe."

"Mwanvita," mjomba akaingilia, "huyu mama ametoa ushahidi juu ya mtoto wake wa kumzaa. Bila yeye leo ungeshindwa. Shukuru ukae."

"Asimame."

Mansuri akainua uso. Na kweli, machoni mwake sasa kulikuwa na kitu. Mwanvita alikiona, akasikia raha imepanda kutoka miguuni. Ndiyo, hapo ndipo alipokuwa akipatafuta. Angemchoma kwa mama yake.

Bi. Mwanahawa alisimama. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabaya. Alimkabidhi jogoo kwa aliye karibu, akajifunga kanga vizuri, akavuka mkeka mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilimnyonyesha maziwa tu. Akili hazimo kwenye maziwa, ningemnyonyesha nazo. Kama nimekukosea na mimi, nisamehe."

Halafu akafanya jambo ambalo Mwanvita hakulitegemea. Alimkumbatia. Si kwa kumgusa mabega tu, alimvuta kifuani kama mtu anayemkumbatia bintiye, tumbo kwa tumbo.

Akatulia.

Mkono wake wa kulia ukashuka polepole, ukaingia kati yao, ukakaa chini ya kitovu cha Mwanvita. Mkono huo umepokea nusu ya watoto wa kata yao. Ukabonyeza mara moja, taratibu. Ukabonyeza tena.

"Mwanangu," alimnong'oneza sikioni, yeye peke yake asikie. "Una mimba."

Mwanvita alitaka kucheka. Mimba gani? Damu aliiona! Aliiona, ndiyo, kidogo, ya kuchafua nguo tu, akaihesabu kwa haraka ya mtu anayetaka kufika. Kisha akakumbuka udongo. Akakumbuka kichefuchefu alichokiita hasira, na sketi iliyomkataa juzi akalaumu pilau. Akamng'ang'ania mama mkwe kanga.

Eda ya mwenye mimba haihesabiwi kwa miezi wala kwa damu. Inakwisha siku anapojifungua. Basi eda ya Mwanvita haijaisha. Basi uongo wa usiku wa Maulidi hauna kazi tena, maana Mansuri hahitaji kudai kwamba alimrejea zamani. Anaweza kumrejea sasa hivi, hapo alipokaa, kwa neno moja, mbele ya mashahidi ambao Mwanvita mwenyewe aliwakusanya akawakodia na gari.

"Kuna nini, Bi. Mwanahawa?" shehe aliuliza.

Watu wote walikuwa wakiutazama ule mkono. Mansuri naye alikuwa akiutazama. Si mjinga yule, ni mwongo tu. Alianza kusimama.

Mama mtu mzima hakugeuka. Bado alikuwa amemkumbatia mkwewe aliyemdhalilisha sasa hivi, mdomo sikioni.

"Sema wewe," alimnong'oneza. "Ukisema ni kiungulia, mimi mkunga nitaapa ni kiungulia. Utateremka na wanao leo. Lakini ukishaapa kwamba tumbo lilikuwa tupu, huyu naye atakuja kukuuliza baba yake ni nani, na hutakuwa na jina la kumpa."

"Mwanvita," shehe alisema, na sasa hakumwita mwanangu. "Kwenye jambo la tumbo, dini inamsadiki mwanamke mwenyewe. Hakuna wa kukusemea. Uape mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Eda yako imekwisha, au haijaisha?"

Mansuri alikuwa ameshasimama wima, amelamba midomo, neno analo ulimini.

Hidaya akamvuta mama yake kanga.

"Mama," alisema, "si ulisema tunaondoka na wewe?"

Mwanvita akainua mkono wa kulia kuapa.